Siku Masudi Alipomgeuza Bwana Mkubwa

Masudi bin Abeidi alishuka kwenye treni Kamina mwaka 1929 akiwa na cherehani, msala na jina baya. Jina baya halikuwa lake. Alilirithi kwa baba yake, Mwarabu aliyefia Kasongo, na kwa babu zake waliopita nchi hii zamani wakifunga watu minyororo. Waluba, wenyeji wa huku, si watu wa kusahau upesi, na mimi siwalaumu.

Alishona kaptura za wafanyakazi wa reli. Kwa kuwa alijua Kiswahili, Kiluba cha mama yake na Kifaransa cha kuokotaokota, watu walianza kumletea maneno yao pamoja na nguo zao. Akamwoa Mwadi, binti Mkatoliki, na kila Jumapili alimsindikiza misioni akamngoja mlangoni, miguu nje, macho ndani. Kumbukeni macho hayo.

Njia mpya ya reli ilipotaka kupita kwenye mashamba ya wanawake wa Chifu Kitwa, ni Masudi aliyekwenda kusema na wakubwa. Alirudi na wiki tatu, ili wavune muhogo kwanza. Kitwa akasema amempata mjumbe. Mzee Numbi, mtunza mila wa chifu, aliruka kama aliyekalia kaa la moto.

"Mulopwe, chifu wangu, huyu iko mutoto wa bale balituuzisha! Leo unamupa kinywa yako?"

"Baba yake iko mu udongo," Kitwa akajibu. "Kinywa yake njo ninahitaji."

Numbi alikaa akingojea kosa. Kosa lilikuja, ila halikuwa la Masudi.

Alikuja msimamizi mpya wa wilaya, Mzungu kijana mwenye haraka. Alimwita Kitwa ofisini, akamkaribisha kwa bilauri ya divai. Ilikuwa heshima, mjue. Sasa, chifu wa Kiluba haonekani akila wala akinywa. Akionekana anameza kama mimi na wewe, basi ni mtu kama mimi na wewe, na uchifu umekwisha. Kitwa aliisukuma bilauri kando. Mzungu naye akaona amedharauliwa. Akatoa neno: sikukuu ya Julai, ya taifa lao, mbele ya watu wote, Kitwa atakunywa kwa afya ya mfalme wa Wabelgiji, la sivyo medali ya uchifu itavuliwa shingoni mwake na kupewa binamu yake.

Maji yalimfika Kitwa shingoni. Akinywa, wazee watamwacha. Asipokunywa, Mzungu atamwondoa. Numbi alimwambia Masudi waziwazi, "Akianguka, ni weye ulimupeleka kwa Bazungu. Tutakufukuza na cherehani yako."

Siku ikafika. Bendera juu, askari mstari, padri kwenye kiti, umati hadi kituo cha reli. Msimamizi akanyoosha bilauri. Kitwa hakuipokea. Mzungu akawa mwekundu.

"Juu ya nini anakatala? Anazani minatia sumu?"

Masudi akasogea, akavua kofia. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na yeye alilijua hilo kuliko fundi yeyote wa Kamina. Alisema polepole, kama anayepima kitambaa cha mteja.

"Bwana, minyi si Mukristo. Lakini kila siku ya Mungu, siku ya misa, ninangoja bibi yangu mu mulango ya kanisa, na ninaona. Padri anainua kikombe. Kengele kidogo inalia. Bantu bote banainamisha kichwa, na weye pia, Bwana, ninakuona. Hakuna anayekodolea kikombe macho. Banadharau kikombe? Hapana. Banaheshimu. Kwetu, chifu akikunywa, tunageuka. Hatakatala afya ya mufalme wenu. Anangoja tu tumuheshimu."

Padri akakohoa, na wengine waliapa kwamba alikuwa anaficha kicheko. Msimamizi alimtazama padri, akatazama bilauri, akatazama umati ule wote. Kisha, labda kwa kukosa njia nyingine, akapaza sauti ya kijeshi:

"Demi-tour!"

Askari wakageuka. Wazee wakageuka. Masudi akageuka. Wa mwisho, na visigino vyake vikigongana, Bwana Mkubwa mwenyewe akampa mgongo chifu mweusi mbele ya bendera yake. Ningetoa ng'ombe kuona uso wake, lakini nani angeuona?

Bilauri ilirudi tupu. Kama Kitwa alikunywa au alimwaga chini, hakuna anayejua hadi leo, na ndiyo raha ya mila hiyo.

Jioni ile Numbi alimpaka Masudi chokaa nyeupe ya heshima mikononi kwa vidole vyake mwenyewe, akamwita waziri wa chifu. Masudi alikaa kwenye kazi hiyo miaka zaidi ya ishirini, akishona asubuhi na kusuluhisha mchana. Hakutajirika. Cherehani ilikuwa ileile.

Mwaka 1955, katika mwezi wa Ramadhani, ugonjwa ulimlaza. Mwadi alimsihi ale, akakataa. Watu walijaa uani kumwangalia, na Kitwa, mzee sasa, alikuja akaketi karibu na kitanda kilichotolewa kivulini. Jua likazama. Mwadi akamletea kikombe cha maji afuturu, lakini mikono ya Masudi ilitetemeka, maji yakamwagika ndevuni na kifuani. Mtu aliyesema mbele ya wakubwa wote bila kukosa neno, sasa alishindwa na kikombe, na watu walikuwa wakitazama. Aliona haya. Machozi yalimtoka.

Kitwa akasimama.

"Mugeuke," alisema.

Na yeye, ambaye watu wote walikuwa wakimgeuzia mgongo anywe, akawa wa kwanza kugeuka.