Papa Alikwenda Sindelfingen

Ngozi ya kiti cha gari ikilowa ina harufu ambayo sijui niiite nini. Si mbuzi, si kiatu. Ni kama vyote viwili vimelala ndani ya maji. Wiki jana fundi wa magari, jirani yangu hapa Doornfontein, Joburg, aliniletea kiti cha gari la zamani la Kijerumani nikishone. Kilikuwa kimenyeshewa. Kuinama tu, nikajikuta kwetu Uvira, nina miaka saba.

Papa, baba yangu, alikuwa dereva wa tajiri mmoja. Gari lenyewe, jamani, lilikuwa jeusi la kung'aa, mpaka jogoo wetu aliona mwenzake kwenye mlango wake akamdonoa. Chini ya boneti palikuwa na kibati chenye jina la mji wa Ujerumani gari lilikoundwa: Sindelfingen. Papa alinishika kidole akakipitisha juu ya kila herufi. Mimi shule niliijua zaidi kwa nje, lakini neno hilo nililisoma kabla ya jina langu. Alisema huko watu huamkia kuunda magari kama sisi tunavyoamkia kuvua ndagala, dagaa wetu wa ziwani.

Msimu wa mvua gari lilivutwa kutoka mto Ruzizi. Nililiona uani kwa tajiri, milango wazi, viti vinachuruzika. Papa hakuwemo. Mama akanivuta mkono, akaniambia papa amekwenda Sindelfingen kuchukua lingine.

Matanga yakawekwa. Mikeka, moto nje, mashangazi wamekauka sauti. Nikapita katikati yao nikawaambia wanyamaze, papa hajafa, yuko Sindelfingen, mama ndiye kasema. Kwetu kumlilia aliye hai ni uchuro, unamwitia kifo. Kilio kikakatika. Baba mkubwa akamgeukia mama.

"Mama Neema, mtoto anasema kweli?"

Mama aliniangalia. Maharage yalikuwa yanaungua, nakumbuka, na hakuna aliyeinuka.

"Anasema kweli."

Mikeka ikakunjwa mchana uleule. Shangazi mmoja akatema mate, akasema mwanamke gani huyu, hana hata chozi. Mama hakunyoa nywele, hakuvaa kitambaa cheusi. Kila siku alipakua sahani ya papa, akaifunika, hadi alipokufa mwenyewe. Nami nilimnunia papa miaka na miaka kwa kutorudi. Hata hapa Joburg, gari jeusi likisimama kwenye robot, taa za barabarani, natazama kwanza shingo ya dereva kama ni yake.

Uzeeni ndipo nilipoelewa. Mama aliliona gari lile pamoja nami. Angesema neno moja tu, angepata kulia na wenzake. Akanionea huruma mimi, kilio chake akabaki nacho tumboni.

Basi siku ile ya kiti niliweka sindano chini, nikatandika khanga sakafuni karibu na kile kiti, nikakaa. Fundi akachungulia.

"Mama mzee, kuna msiba?"

"Nimefiwa na papa."

Akanipa pole, akauliza ni lini. Nilimsogezea nafasi, akavua viatu, akakaa.