Uvunguni mwa Gari la Daktari

Kabla ya vita vya pili vya dunia, Kariakoo nzima haikuwa na karani aliyejua bei ya gari kuukuu kunishinda mimi. Nasema hivyo bila haya, maana ni kweli. Nilitoka shule na Kiingereza changu, nikaajiriwa katika duka la vipuri karibu na soko, na karibu kila motokaa iliyotembea mjini niliijua kwa vitu ilivyonunuliwa dukani mwetu.

Watu walidhani bei hutokana na umri tu. Mimi nilianza na mahali gari lilipoishi. Gari la miaka sita lililotoka Dodoma nililithamini kuliko la miaka mitatu lililolala pwani, kwa sababu chumvi hula chuma. Kisha tairi, kisha vipuri: gari zuri ambalo springi yake mpaka iagizwe Ulaya ni pambo la uani. Mwisho nilitazama meli. Mzungu aliyekuwa akirudi kwao aliteremsha bei kila siku moja ilipopungua kabla ya safari.

Kaka wa mke wangu alikuwa dereva wa magari ya watu. Alitaka lake mwenyewe, la kuleta machungwa na mihogo kutoka Kisarawe. Mali yake ilikuwa minazi aliyoachiwa na mama yake kule Upanga, basi kila bei aliigeuza minazi.

Daktari mmoja Mzungu alikuwa akiondoka kwa meli ya Jumatatu. Gari lake, lenye bodi ya mbao nyuma, alimwachia mwenye duka la jumla wa Kariakoo amuuzie. Siku ya Ijumaa, baada ya sala, shemeji akanichukua tukalione. Nilivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi asubuhi ile, na koti langu la ukarani juu yake.

Mwenye duka akataja bei.

"Minazi thelathini hiyo," shemeji akaninong'oneza.

"Nyamaza," nikamwambia. "Hii kazi yangu."

Nikapiga hendeli ya kuwashia, injini ikaitika mara moja. Nikabonyeza tairi, nikafungua boneti, nikaigonga bodi. Watu wakaanza kukusanyika, na mimi nikapaza sauti kidogo. Shemeji akachungulia chini ya mlango.

"Chini hutazami, shemeji?"

"Chini kuna nini? Mchanga wa Kariakoo."

Watu wakacheka. Mmoja akadakia, "Karani hawezi kulala chini, dobi atamdai mara mbili!" Nami nikacheka nao. Nililijua swali lile kuwa la maana. Kila siku nililala uvunguni mwa magari nikiwa na kaptura ya kazi. Siku ile sikutaka kuinuka mbele za watu na mchanga mgongoni.

Nikamgeukia mwenye duka. "Jumatatu meli inaondoka. Jumanne gari hili atalinunua nani?"

Akashuka. Nikasukuma, akashuka tena, upesi kuliko nilivyotegemea. Tukafika minazi ishirini na miwili. Nilitembea kurudi nyumbani kama jemadari. Leo najua kwamba bei inayoteremka bila kupigana inakuambia kitu, lakini siku ile nilisikia sauti yangu tu.

Gari lilifanya kazi wiki tisa. Katika ya kumi, kwenye kilima cha Pugu, chasisi, ule uti wa mgongo wa gari, ilikatika katikati kama muhogo, machungwa yakamwagika hadi bondeni. Mungu alisaidia, hakuna aliyeumia. Nilipofika nikainama, na kwa mara ya kwanza nikaona uvungu wake. Chuma kilikuwa kimekuwa maganda ya kutu. Daktari alikuwa mtu wa kuogelea. Kila Jumapili gari lake lilisimama ufukweni, magurudumu majini. Hata hilo ningelijua kama ningeuliza.

Shemeji alisimama kando, mikono kichwani. "Limekuwaje, shemeji?"

"Umelipakia kupita kiasi," nikasema.

Hilo ndilo kosa langu kubwa. La kwanza lilimpotezea minazi. Hili lilimfanya ajilaumu. Aliuza mabaki kwa wafua vyuma wa mtaa wa Gerezani, akarudi kuendesha magari ya watu, na kila alipopakia mzigo nilimwona akiutazama mara mbili, kama mwizi wa mali yake mwenyewe. Nami nilinyamaza miaka minne.

Kisha akaja tena dukani. Alikuwa amedunduliza, na kulikuwa na lori dogo lililotoka Morogoro. "Twende ukanitazamie," akasema. Ilikuwa Ijumaa, nami nilikuwa na kanzu.

Sikugusa hendeli. Nilivua koti, nikalala chali mchangani mbele ya watu, nikajiburura hadi chini ya injini, nikagonga chasisi kwa spana kutoka mbele hadi nyuma. Ililia vizuri, chuma kizima. Nilipotoka, kanzu ilikuwa na oili hadi kifuani.

Shemeji aliitazama kanzu yangu.

"Siku ile hukulala," akasema.

"Sikulala."

"Na mzigo?"

"Mzigo haukuwa na kosa. Wewe hukuwa na kosa. Kosa langu."

Alinipangusa mchanga mgongoni, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, kisha akamgeukia mwenye lori na kuanza kupatana bei mwenyewe.