Script ilisoma faili ya system yetu, ikanitolea jina la mtu tulimkataa kazi

Wakuu, niaje. Hii sijaskia kwa mtu, ni mimi ilinipata, na sitaongeza chumvi.

Mimi ni developer, naishi Lanet. Kampuni yetu ndogo hapa Nakuru ilitengeneza system ya kliniki kadhaa. Mtoto akizaliwa, system inahesabu tarehe za chanjo na kumtumia mama SMS.

Mwezi uliopita ndio habari ilitufikia kwamba akina mama wanaitwa waje Jumapili, siku kliniki imefungwa.

Nikaenda kliniki moja upande wa Molo kujionea. Nikapata mama ametoka Sachangwan. Jana yake alikuwa amekuja na mtoto kwa mgongo, baridi ile ya huko mnaijua, akakuta kufuli. Sasa amerudi tena.

Nikaanza kujieleza. Akanikata: "Boss, si mimi nilijiita. Ni nyinyi mliniita."

Aki niliona aibu.

Siku tatu tulipekua code yetu. Hakuna kosa.

Wenye hamfanyi hii kazi, ukiunda system huandiki kila kitu. Unachukua vipande vyenye watu wengine wameandika na kuweka bure kwa mtandao. Kuna faili moja inaorodhesha hivyo vipande vyote. Yetu ilikuwa ndefu ajabu, na ukweli ni kwamba hakuna mtu ofisini aliwahi kuisoma.

Nikaandika script fupi, yaani programu ndogo. Isome hiyo faili, na kwa kila kipande inionyeshe version, yaani toleo, tuko nayo, version mpya kama iko, na jina la mwenye aliandika.

Ikaanza kuteremsha majina ya watu wa nchi za mbali. Nikafika kile kipande cha kuhesabu tarehe. Version yetu: ya kitambo. Version mpya: iko. Mwandishi: Kiprop, na majina yake yote.

Wakuu, nikasoma hilo jina mara mbili.

Huyu Kiprop alikuja kwetu interview mwaka jana. Jamaa mpole wa Kaptembwo. Mimi nilikuwa kwa panel. Tulimuuliza degree iko wapi, akasema aliacha chuo mwaka wa pili. Tukamwambia asante, tutakupigia.

Hatukupiga.

Nikafungua maelezo ya hiyo version mpya. Mstari wa kwanza: "Nimerekebisha kosa la tarehe kuangukia Jumapili. Kama unatumia hii kwa hospitali, tafadhali update leo."

Tarehe yake inaonyesha aliandika hiyo kitu kabla hata hajakuja interview! Dawa ilikuwa hapo wakati wote, sisi tumelala.

Nika-update, nikajaribu tarehe za mwaka mzima. Jumapili zote zikapotea.

Kesho yake nikaenda Kaptembwo. Ako na kibanda ya kutengeneza simu. Alinitambua mara moja.

"Kiprop, ulijua system yetu inatumia kazi yako?"

"Nilijua. Si mlinionyesha code yenu kwa screen siku ya interview?"

"Na mbona hukusema?"

Akaendelea kufungua simu ya mtu, polepole, bila hasira. "Nilianza kusema. Wewe ndiye uliniambia nijibu tu chenye nimeulizwa."

Sikumbuki nikisema hivyo. Lakini hayo ni maneno yangu kabisa.

Nilimwambia pole. Akasema, "Sawa." Basi.

Boss wangu alimpigia mwenyewe, akamwomba msamaha na kumpa kazi. Kiprop amekubali kazi, ameanza juzi, lakini kibanda hajafunga. Anasema anatuangalia kwanza.

Somo nimepata: someni hiyo faili. Si version peke yake, hata majina, kwa sababu ni watu. Na ukikaa kwa panel, mwache mtu amalize sentensi yake.

Developers wenzangu, nyinyi yenu mlisoma lini? Na kama umewahi kukaa kile kiti cha Kiprop, tuambie hapa chini ilikuwaje. Hata mkinichapa, nitasoma zote.