Siku Niliyopanda Paa la Jiko na Tai Shingoni

Jamani, mimi nimeshaaibika hadharani, tena mbele ya wageni niliowaalika mwenyewe, na mpaka leo nikipita Likombe nikaiona ile shule ya sekondari huwa najifanya naangalia upande wa pili wa barabara.

Miaka ile umeme wa gesi ya Msimbati ndiyo kwanza ulikuwa umeanza kutulia hapa Mtwara, nami, mtu wa Njombe niliyeletwa huku na ukarani wa bandarini, nikaacha kazi nikafungua duka la intaneti mjini (mke wangu, Mama Neema, hakunikatalia, alininunia tu wiki nzima). Biashara ikasuasua. Mteja mkubwa mmoja ndiye angetuokoa, na huyo alikuwa bodi ya ile shule. Wangekataa, ningerudi bandarini kuomba kazi kwa watu wale wale niliowaaga kwa mbwembwe.

Bodi ikataka nieleze njia zote na gharama zake, basi nikachora kwenye karatasi ya manila. Setilaiti, dishi la bei mbaya na malipo ya kila mwezi yanayouma. Waimaksi, intaneti ya mnara wa redio, unaomba masafa ya mawimbi kwa mamlaka ya mawasiliano, unalipia leseni kila mwaka, lakini masafa yanakuwa yako peke yako. Waifai, masafa huria, hayana ada, ila unayatumia pamoja na yeyote atakayekuja. Mimi nilikuwa waifai mzima mzima, maana leseni sikuwa na ubavu nayo na antena nilishafunga, moja juu ya duka langu, nyingine juu ya paa la jiko la shule.

Mwenyekiti, Mzee Bakari wa Mikindani, mtu mpole aliyestaafu kazi ya redio za meli, akaniuliza, "Sasa mwanangu, hao wengine wakija kwenye masafa hayo?"

"Mzee, hapa Mtwara atakuja nani?" nikamjibu, nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Wakanipangia siku ya majaribio: intaneti ikitulia mbele yao, wanasaini. Sasa siku yenyewe wajumbe wakachelewa, walikuwa msibani Msimbati, na wali wa nazi na samaki changu alioandaa Mama Neema kwenye jiko la shule ukapoa, na pwani huku ukimpa mgeni chakula cha baridi utasemwa mpaka kwa wajukuu. Lakini mimi nilikuwa nimejipanga. Kwa sifa zangu nilikuwa nimeazima maikrowevu, sanduku la umeme la kupashia chakula, kwa karani mwenzangu wa zamani ili bodi ione tunakwenda na wakati. Nikamwambia Mama Neema apashe sahani moja moja, kila mtu apate ya moto.

Nikawasha kompyuta, ukurasa ukafunguka, wajumbe wakasogea, nikanyoosha tai, ukurasa ukaganda. Nikatoka mbio, nikapanda ngazi mpaka juu ya jiko, na suti yangu, mabati yanachoma, nikaigeuza antena kidogo, wakaniita kwamba imerudi. Nikashuka nikiwaeleza kuwa ufundi ni mikono. Haikupita dakika ikakata tena. Nikapanda, ikarudi, nikashuka, ikakata, na safari ya tatu msumari ukanipasua suruali nyuma, ufa wa kutosha.

Hapo akili ikaniruka. Badala ya kushuka kimya, nikasimama pale pale juu nikatangaza kwamba kuna mtu anaingilia masafa yangu makusudi, kwamba ni nyumba ya wageni ya jirani, kwamba wakakaguliwe sasa hivi. Wanafunzi wakamwagika kutoka madarasani. Mwenye nyumba ya wageni, mama mmoja mtu mzima, akatoka na kanga yake akasema yeye hata redio ya betri hana.

Muda wote huo Mzee Bakari alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mikono nyuma, anasikiliza. Maikrowevu ikilia ting, intaneti inarudi. Sahani nyingine ikiingia, inakata.

"Mwanangu, shuka," akaniita taratibu. "Huyo mwizi wako anapasha changu."

Kumbe lile sanduku linavujisha mawimbi kwenye masafa yale yale huria niliyoyasifia, na ni mimi niliyeliweka chini ya antena yangu. Mama Neema akatoka na sahani inayofuka mvuke akaniuliza, "Baba Neema, niendelee au niache?" Wajumbe waliotoka msibani wakacheka mpaka wakakaa chini.

Sahani zilizobaki zililiwa za baridi na intaneti haikukata tena. Nilikwenda kumwomba radhi yule mama jirani, mkono mmoja ukishikilia suruali nyuma (aibu niliyoisikia siisahau), na yeye akanikopesha kanga nijifunge. Bodi ikasaini kwa muhula mmoja, kwa sharti kwamba ili waendelee niwe nimeomba masafa ya leseni. Chini kabisa ya mkataba Mzee Bakari akaongeza kwa kalamu yake: mtoa huduma asipashe chakula shuleni. Nikatia saini, tai shingoni na kanga kiunoni.

Leseni niliipata, ada yake nimeilipa kila mwaka bila kunung'unika, na kazi ya bandarini sikurudi kuiomba. Ila nimeapa, siku nikihisi tena kuna mtu ananihujumu, kabla sijafungua mdomo nitakwenda kwanza kuchungulia jikoni kwangu.