Kikaango Kilichonasa Sumaku

Kuku wa wageni waliokuja kumposa dada yangu Neema nilimpikia kwenye kikaango tunachokaangia korosho na maganda yake. Na mimi ni mtoto wa Masasi! Mafuta ya lile ganda yanababua ngozi, hata mbuzi wetu anajua.

Yote yalianza shangazi, nesi kule Ndanda, alipotuletea jiko la umeme lisilotoa moto. Mama akataka wageni walione. Akateleka sufuria yake ya aluminiamu, jiko likalia pii, likazima. Akabadilisha sufuria. Pii.

"Limekufa hili!"

"Halijafa, Mama," nikasema mimi, bingwa wa kufeli fizikia. "Linataka chombo cha kunasa sumaku."

Nikachomoa sumaku kwenye spika mbovu, nikapima vyombo vyote vya nyumbani. Hakuna kilichonasa, ila kile kikaango cha chuma cha korosho, kule uani. Nikakisugua kwa majivu mara tatu.

"Umekitoa wapi?" Mama akauliza.

"Kwa jirani."

Nikakiteleka, jiko likawaka. "Ona faida ya shule!" Mama akashangilia.

Baada ya kula, mshenga akasimama kutaja nia yao. "Tu... tumekuja..." Akashindwa. Midomo yake ilikuwa imeumuka kama maandazi.

Baba akanusa bakuli. "Mbona linanuka ganda la korosho?"

Wote wakanigeukia. Nilitamani Mama anipige yaishe. Hakunipiga. Alisema, "Haya, waambie wakishamkataa dada yako wakuoe wewe, maana kupika unajua."