Mfumo wa Tatu, na Bado Inajizima

Asilimia sitini na nne.

Nilikuwa nimeikodolea macho skrini kama mtu anayechunga maziwa yasifurike jikoni. Sitini na tano. Feni ikaanza kunguruma.

Kisha, puu. Giza.

Umeme ulikuwepo. Taa ya cherehani inawaka, pangaboi linazunguka. Ni kompyuta yangu ya mtumba tu iliyojizima tena katikati ya kazi, kama mtu aliyekatwa kauli.

Mimi siyo mtaalamu, naomba nieleweke. Naitwa Dakshayini, nashona blauzi za sari hapa Maddur, kusini mwa India, na kompyuta nimejifunza mwenyewe, kwa kubonyeza na kuharibu. Naitumia kuchora nakshi. Mchoro unaingia kwenye flashi, flashi inaingia kwenye mashine ya kutarizi, mashine inafanya yaliyobaki. Bila kompyuta, ile mashine ni meza tu ya bei mbaya.

Na mkononi nilikuwa na oda ya Chandrakala. Bibi harusi huyo, blauzi saba, tausi kwenye kila mkono. Sijawahi kupata oda kubwa kama hiyo tangu nifungue duka. Alikuwa ameshanitumia ujumbe: leo asiposikia habari njema, anahamia kwa fundi wa barabara kuu.

Tabia ya kujizima ilianza mvua zilipokatika. Mwanzoni alasiri tu, joto likipanda. Baadaye muda wowote inapojisikia.

Mimi nikaulaumu mfumo endeshi wa zamani, ule ule iliokuja nao. Nikamwita Puttaswamy, jirani yangu mwenye duka la simu.

"Akka, huu umezeeka," akasema, akiniita dada kama kawaida yake, huku anatafuna vada. "Hata waliouunda wameshausahau. Weka mpya kabisa."

Nikahamishia michoro kwenye flashi, nikaufuta wa zamani, nikaweka mpya kabisa.

Kompyuta ikawa inaamka kama mgonjwa. Mpaka ifunguke, chai imepoa. Halafu ikajizima.

"Umeibebesha mzigo wa lori," Puttaswamy akasema.

"Si wewe uliyesema mpya kabisa?"

"Nilisema mpya, Akka. Sikujua una kompyuta ya enzi za babu!"

Sikubishana naye. Nikakaa chini nikasoma, nikalinganisha, nikauliza watu mtandaoni. Mwishowe nikachagua Linux moja ndogo ya bure, waliyoitengeneza wakifikiria mashine kuukuu kama yangu. Nikaionja kwanza kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu. Ikawa nyepesi, programu ya nakshi ikafunguka. Tatizo moja tu: tausi wangu niliowachora kwenye mfumo wa zamani iligoma kuwafungua. Ilibidi kuwachora upya wote.

Nikasema potelea mbali, nitachora. Nikaanza kuisakinisha.

Ndiyo hiyo iliyokata roho kwenye sitini na tano.

Nimeshika kichwa hivi, Nanjamma akaingia na sahani ya manjano na kumkum ya ibada. Ni mama wa mume wangu, namwita Atte.

"Imekufa?"

"Imejizima, Atte."

"Vizuri. Imejua leo ni siku gani."

Ilikuwa Ayudha Puja. Jua likizama, kila chombo cha kazi kinalazwa mbele ya Devi, mungu wetu wa kike, na hakiguswi mpaka kesho asubuhi baada ya sala. Mkasi, pasi, hata pikipiki ya mume wangu.

Na jua lilikuwa limeshaanza kuinama.

"Atte, niache niijaribu mara moja tu."

"Umeiosha?"

"Nini?"

"Mkasi nimeusugua mimi. Cherehani umeipangusa mpaka miguu. Hii je? Inakwenda mbele ya Devi na uchafu wake?"

"Nimeipangusa. Tazama inavyong'aa."

"Nje. We binti, sufuria unaosha nje tu? Lete ukwaju tuisugue."

"Kompyuta haioshwi na ukwaju!"

"Basi lete cha kwako. Lakini ifungue."

Niliifungua ili aniache. Huo ndio ukweli. Nikatoa skrubu, nikavuta kifuniko.

Tukainama wote wawili kuchungulia.

Feni haikuonekana. Juu palikuwa na unga mwekundu wa kumkum, ule Atte anaoipaka kila Ijumaa. Chini yake majivu ya udi ninaouchomeka mimi mwenyewe kila asubuhi pembeni yake, palepale inapovutia hewa. Chini yake tena, utando mweusi wa mafuta, na petali za asumini zilizokauka siku nyingi.

Kwetu hatuweki asumini. Kumbe hata aliyekuwa na kompyuta hii kabla yangu alikuwa anaiombea.

"Kumbe tulikuwa tunaikaba," Atte akasema polepole.

Nikamwita Puttaswamy, akaja na kipuliza hewa chake, akachungulia, akapasuka kwa kicheko.

"Akka! Umeibadilishia roho mara mbili, kumbe ilikuwa na mafua!"

"Na wewe daktari wake," Atte akamjibu. "Mgonjwa hujamfungua hata mdomo, umeshamchimbia kaburi."

Akawasha kipuliza. Wingu jekundu likamrudia usoni. Sasa tukacheka sisi.

Tulisafisha mpaka mapezi ya bati ya kupoza joto chini ya feni yakaonekana moja moja. Nikaizungusha feni kwa kidole, ikateleza kama haijawahi kuumwa.

Nikanyoosha mkono kuchukua waya wa umeme.

Atte akanishika kifundo cha mkono. "Kesho."

"Dakika moja tu, Atte. Nione kama inawaka."

"Jua limezama. Wenzake wote wamelala, wewe unamwamsha mmoja?"

Simu ikaita. Chandrakala. Kabla sijaifikia, Atte ameshapokea.

"Binti, leo hata sindano imelala. Tausi gani unawatafuta? Huyo fundi wako wa barabara kuu nimepita kwake, mashine zimejaa maua mpaka juu. Nenda kamwamshe kama unaweza."

Nikasikia kicheko upande wa pili.

"Hata baba ameshalivika trekta maua, Amma," akasema, akimwita mama. "Basi, kesho."

Nimekaa hapa naandika kwa simu, vidole vinaniwasha. Mfumo wa kwanza niliufuta kwa kosa ambalo haukulifanya. Wa pili ulikuwa mzito kweli, lakini sasa sijui uzito ulikuwa wake au wa majivu yetu. Nirudi kwa ule unaowajua tausi wangu, au niende na huu mwepesi nianze kuchora upya? Nilidhani nimeshachagua. Kumbe nilikuwa nakimbia tu.

Ndugu msomaji, kitu chako kikianza kukata pumzi, usikimbilie kukibadilisha. Kifungue kwanza. Huenda kinachokiziba ni kile ulichokipaka kwa mapenzi.

Ipo mbele ya Devi, kifuniko wazi, kati ya mkasi na pasi. Pembeni nimeweka flashi mbili, ya mfumo wa zamani, ambao Puttaswamy amenitafutia nakala yake, na ya ule mwepesi.

Kesho baada ya sala nitachomeka moja.