Tawi Linalobeba Jina la Mgunga

Kuna asubuhi moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo sijaisahau. Nilikuwa napanda kilima kule Mabira nyuma ya Mama Koku, mtaalamu wa mimea kutoka Bukoba. Tulikuwa tunaufuata mgunga ambao yeye aliamini haujapata jina la kitaalamu.

Ngoja nikueleze kidogo. Mmea mpya ukipewa jina, tawi lake moja hukaushwa na kuhifadhiwa, nalo ndilo hubeba jina hilo. Mwenye shaka, hata baada ya miaka mingi, hurudi kulitazama.

Tulipofika, mti ulikuwa umekatwa karibu wote. Mzee Kato, mfugaji wa pale, alikuwa akiyakokota matawi ya miiba kufungia mlango wa zizi, kama tufanyavyo huku.

"Shikamoo mzee. Jamani, matawi yetu!" nilimwambia.

"Marahaba. Yenu tangu lini? Fisi akija nimsomee jina la mti?"

Mama Koku alicheka. Mimi nilishindwa kucheka. Gari letu lilikuwa linaondoka adhuhuri, na mtini yalibaki matawi mawili tu, yana maua lakini hayana tunda hata moja. Hatua chache kando, mgunga mwingine ulijaa matunda. Nikashauri tuyachume, tuyabane kwenye karatasi ya kukaushia pamoja na maua yetu.

Mama Koku akanitazama. "Una hakika ni aina moja?"

"Inafanana, mama."

"Sikuuliza kufanana. Tukibana miti miwili kwenye karatasi moja, jina litakuwa la upi? Tutawaachia watoto wetu ugomvi."

Tukachukua tawi moja, maua peke yake. La pili Mzee Kato aliahidi kutoligusa. Mama Koku akaondoka na tawi letu, mimi nikabaki kijijini kungoja matunda, na miezi ile sikuwa na raha. Kila nilipoona moshi wa nyasi upande ule, nilikimbilia kilimani.

Hatimaye matunda yakakomaa. Yalikuwa yamejikunja kama pembe za kondoo dume. Yale ya mti wa pili yalinyooka kama kisu. Miti miwili tofauti kabisa. Nikachuma yale ya mti wetu peke yake.

Kwa hiyo, mwanangu, usichokijua kiache wazi, useme hukijui. Usikijaze kwa kinachofanana nacho eti kazi ionekane imekamilika. Pengo litajazwa na wengine. Uongo uliokwisha kuaminiwa huwasumbua wengi kabla haujang'oka.

Mungu akupe subira ya kungoja msimu, na mikono yako iwe na baraka.